Rundo la Mawe Nililolizua Mwenyewe

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Naliweka hili mbele kabisa, vijana wangu, ili mjue mnamsikiliza nani. Nimempeleka bwawa la Igombe bibi harusi aliyekesha kwenye ngoma siku tatu. Akasinzia njiani, akashuka nusu macho, akapigwa picha arobaini, akasinzia tena, na mpaka leo anamuuliza mumewe zile picha za majini walipigia wapi. Nimemwona mpiga picha hodari akirudi kinyumenyume, "kidogo tu, kidogo tena," mpaka maji yakamfika kifuani, na bado anawaambia watu watabasamu. Kuna mteja aliniamuru nilisimamishe jua. Nikamwambia nitajaribu. Akaridhika.

Jina langu Ramadhani, lakini Tabora nzima, toka Kitete hadi stesheni, wananiita Rama Mandhari. Darasa la nne niliacha shule, au shule iliniacha, tusigombane. Nilianza na baiskeli ya kupakia abiria, nikahamia pikipiki, nikamalizia na Noah ya siti saba iliyokuwa ikibeba kumi na moja. Miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa moja. Mtu anakuja na nguo zake nzuri, anasema, "Nataka picha ambayo wenzangu wakiiona watauliza hapo ni wapi." Nami nampeleka, na asiye na mpiga picha nampigia mwenyewe. Kabla yangu watu wa mji huu walipiga picha studio, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Mimi ndiye niliyewatoa nje. Wako watakaobisha. Waacheni, wengi wao nimewapakia.

Sasa magoti yamegoma, gari nimeuza, na nyinyi mlioingia kazini juzi na vile vidude vyenu vinavyoruka kama nyuki mnakuja kunipigia hodi: "Mzee, shikamoo, tuelekeze sehemu kali." Marahaba. Kaeni.

Sehemu si kitu. Kitu ni jua. Hilo nilifundishwa na marehemu Mzee Haji, mwenye studio ya lile pazia nililolitaja. Nilimwibia wateja wote na bado alinifundisha, watu wa zamani walikuwa na moyo. Alikuwa akisema: "Ramadhani, jua la saa sita ni askari, linakukagua hadi kovu la utotoni. Jua la saa kumi na moja ni shemeji, litakwambia umependeza hata kama hujaoga." Basi ukiona kijana anawapanga maharusi juani saa sita mchana, jua huyo hana shemeji.

Watu wakija toka Dar wanasema Tabora pakavu, vumbi tupu, picha utapata wapi? Hawajui kutazama. Vumbi ni mali. Ng'ombe wakirudi kunywa maji jioni, kule Choma kwa mfano, lile vumbi likipigwa na jua la shemeji linageuka dhahabu. Ila usiwapigie ng'ombe honi. Shuka, msalimie mchungaji, "Mwadila," muulize habari za mifugo kwanza na za nyumbani baadaye, ndipo useme shida yako. Mimi mara ya kwanza nilipiga honi. Ng'ombe mia wakaja upande wetu, bwana harusi akapanda juu ya Noah, bibi harusi akabaki chini. Ndoa ile haikufika mbali, na watu wananilaumu mimi.

Machi nendeni Igunga, mpunga ukiwa kijani mpaka macho yanauma. Lakini mjaribu matuta kwa fimbo kabla ya kumkanyagisha mtu mwenye shela. Sikujaribu, tukamvuta wanaume wanne, kiatu kimoja kiko kule hadi leo kinaota mpunga. Na Septemba, wakati kila mtu analalamika joto, ingieni miombo. Miti ile haisubiri mvua. Inatoa majani mapya mekundu kama shaba, wiki mbili tatu tu, halafu yanageuka kijani na kila kitu kinakuwa cha kawaida. Manukato marufuku, huko juu kuna mizinga ya nyuki, na nyuki hawapendi ushindani.

Mambo haya yote nimeyajua kwa kukosea. Lakini kosa langu kubwa halikuwa honi wala matope. Lilikuwa mdomo.

Nje ya mji, upande wa Kwihara, kuna njia ya udongo ambayo misafara ya zamani ilipita, wapagazi wetu wa Kinyamwezi na mizigo vichwani wakielekea pwani. Nyuma ya njia kuna majabali makubwa yamepandana na miombo imeyazunguka. Kijiji kinaitwa Isikilo. Siku moja nilikuwa na wateja wanne toka Dar, nikapata pancha palepale, saa nane mchana, na jeki nimemwazima mtu. Wateja wamenuna. Mmoja, dada mwenye miwani mikubwa, akaona rundo la mawe kando ya njia, limefika magotini.

"Hii ni nini?"

Mtu mwenye akili angesema: mawe. Mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Dada, usikanyage hapo. Kila mpagazi aliyeelekea pwani aliweka jiwe hapa, ili arudi salama kwao."

Yule dada akavua miwani. Akaokota jiwe, akaliweka polepole kama yai. Wote wakaweka. Wakapiga picha mpaka jua likawa shemeji kweli, na pancha ikasahaulika. Wiki iliyofuata nikapigiwa simu na watu sita: "Tupeleke pale penye mawe ya wapagazi."

Safari ya tatu akatokea mama mmoja toka shambani, jembe begani, akasimama akinitazama. Huyo ndiye Mama Kabula. Alisubiri wageni wasogee, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Baba, hawa wanapigia nini picha mawe yangu?"

"Mawe yako?"

"Mimi na wanangu tumeyatoa shamba la karanga msimu wa juzi. Mgongo bado unaniuma."

Nikamweleza. Nilidhani atanipiga na jembe. Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi kwa khanga, halafu akauliza, "Hao wapagazi wako, walikuwa hawali karanga?"

Toka siku hiyo kila mgeni alinunua karanga za kukaanga kwa Mama Kabula, kikombe mia tano. Na uongo ule, vijana, alinizidi. Mimi nilisema jiwe tu. Yeye akaongeza kwamba jiwe huwekwa kwa mkono wa kulia, kwamba hutakiwi kugeuka nyuma mpaka uufikie mkuyu ule ulio mbele njiani, kwamba jiwe litoke kwenu. Miaka ikaenda. Rundo likafika kiunoni, likafika kifuani. Madereva wengine wakaanza kuleta watu. Siku moja kijana wa bodaboda alinisikia nikisimulia, akanivuta pembeni: "Mzee, samahani, unaisimulia vibaya. Jiwe la kwanza liliwekwa na mwanamke." Nikamuuliza kaipata wapi. "Hii inajulikana," akasema.

Serikali ya kijiji ikaweka kiingilio, elfu moja kwa kichwa. Haki yao. Fedha ile wakajengea choo cha wageni, choo kizuri cha bati jipya. Wakakijenga wapi? Hatua ishirini nyuma ya rundo, upande wa mashariki. Sasa fikirini kama watu wa kazi: jua la jioni liko magharibi, kwa hiyo watu wanaangalia magharibi, kwa hiyo kila picha nyuma yake kuna rundo la wapagazi, na juu ya rundo, choo. Kinang'aa kama meno ya dhahabu. Nililalamika ofisini kwao. Wakaniambia choo ni maendeleo.

Ndipo binti yangu Zuhura akapata mchumba.

Ninaye mmoja tu. Akachumbiwa na kijana wa Dar, Mzaramo, na akatangaza mapema: baada ya ndoa anahamia kwa mumewe, na picha yake ya harusi itapigwa kwenye mawe ya wapagazi. "Baba, umepeleka watoto wa watu wote. Mimi kwangu nataka moja tu, wewe uipige, pale." Ningekataaje? Septemba, miombo myekundu, majabali, mwanangu na shela. Picha hiyo nilikuwa nayo kichwani toka siku anazaliwa. Na kila nikifumba macho, juu ya shela nakiona choo.

Nikapiga hesabu. Nikilisogeza rundo hatua thelathini kaskazini, nyuma yake kunakuwa majabali na majani ya shaba, choo kinabaki nje ya picha. Na rundo ni la nani? Nani alilizua? Nikasema moyoni, mtu haombi ruhusa ya kuhamisha kiti chake mwenyewe.

Siku ya harusi, ndoa ilifungwa saa nne asubuhi. Watu walipokaa kwenye pilau nikamwachia mdogo wangu wageni, nikachukua vibarua watatu na toroli mbili, saa saba na nusu tuko Isikilo. Hakuna mtu, joto limewaingiza ndani. Tukahamisha. Saa tisa na nusu zaidi ya nusu ya rundo iko mahali pake papya, nimesimama nafumba jicho moja natazama, nasema, Rama, wewe ni mtu. Nikasikia yowe.

Mama Kabula ametoka kwake na sinia la karanga kichwani. Ukipiga yowe vijijini kwetu hawaulizi kwanza, wanakuja. Dakika kumi watu wamejaa, fimbo mkononi, na mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Masanja, anafunga vifungo vya shati huku anatembea.

"Nani kakutuma kuvunja mawe ya wazee?"

"Mwenyekiti, sivunji, nasogeza. Choo chenu..."

"Jogoo mmoja," akasema Masanja.

Hapa niwaeleze wasiojua. Kwetu huko mwenye kosa hutozwa mchenya, faini ya watu wote, inaliwa na watu wote. Na ina kanuni moja: ukibisha, inapanda. Mimi nilijua kanuni hiyo. Nimekulia humu. Sasa sikilizeni nilichofanya.

"Jogoo? Kwa mawe niliyoyazua mwenyewe?"

"Mbuzi."

"Bwana Masanja, hapakuwa na mpagazi hata mmoja hapa! Ni pancha! Nilipata pancha!"

"Mbuzi na unga debe moja."

"Haya ni mawe ya shamba la karanga!"

"Na sukari ya akina mama."

Kibarua mmoja akanivuta kanzu. "Mzee Rama, nyamaza, utatufikisha kwenye ng'ombe."

Lakini ningenyamazaje, na shahidi wangu yuko pale? Nikamgeukia. "Mama Kabula. Dada yangu. Waambie. Waambie mawe haya yalitoka wapi."

Sinia bado kichwani. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekojoa mbele ya wageni.

"Mimi shamba nimelikuta na mawe nimeyakuta," akasema. "Mengine sijui."

Watu wakaguna. Masanja akaongeza dumu la mafuta, kwa kumsingizia mama wa watu. Na wakati huohuo, honi. Msafara wa harusi umefika, magari tisa.

Alishuka kwanza Bi Mwanahawa, mama mzaa bwana harusi, mwanamke mwenye mwili na sauti, dhahabu mkono mzima. Nikashukuru Mungu: mkwe wangu, mtu wa mjini, ataniokoa. Nikasahau kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, toka hiyohiyo misafara. Mtani akikukuta umekamatwa hakufungui. Anauliza kamba imekazwa vizuri?

"Kafanya nini huyu?" akauliza.

Wakamweleza.

"Ehee! Mnyamwezi kaiba mawe!" Akapiga kofi moja la furaha. "Babu zenu walitubebea pembe za ndovu miezi mitatu hawakudondosha hata moja, wewe jiwe la mkononi limekushinda?"

"Mtani, babu zenu walikuwa wamekaa tu wanasubiri tuwaletee!"

"Na leo tumekuja kukuletea mzigo. Jamani, wekeni kitu kichwani hapo!"

Hata sikuona nani alifanya. Nilihisi kata ya majani inakaa kichwani, kisha jiwe juu yake. Wazaramo magari tisa wakapiga vigelegele. Wakanizuia njia: sitembei mpaka nijikomboe kwa noti, na nikitoa noti wanasema hiyo ya mguu wa kulia, mguu wa kushoto je? Masanja akatoa hukumu ya mwisho: mawe yote yarudi mahali pake kabla picha haijapigwa. Nikatazama juu. Saa kumi na nusu. Shemeji ameshaingia na hatakaa.

Zuhura akaja akiwa ameshikilia shela. Nilijua atalia, na mimi ningelia naye.

"Baba, ni kweli uliyazua?"

Mbele za watu wote. Jiwe kichwani.

"Kweli, mwanangu. Ilikuwa pancha."

Akanitazama sana. "Mimi toka mdogo nawaambia watu baba yangu ndiye anayejua mawe ya wapagazi." Halafu akacheka, kicheko cha mama yake kabisa, akainama, akachukua jiwe, akaliweka juu ya shela lake lile lililokodishwa. "Twende. Jua linazama."

Ikawa hivyo. Bwana harusi kavua koti, wapambe na magauni yao ya zambarau, Bi Mwanahawa mwenyewe na bangili zinalia, wanakijiji wanaimba, vumbi limepanda na jua limeligeuza dhahabu, na mimi mpiga mandhari mkuu wa Tabora siwezi kupiga hata moja kwa sababu mikono yangu iko kwenye jiwe.

Katikati ya kazi nilijikuta nimesimama na Mama Kabula. Nikamwambia, kwa uchungu, "Umenigeuka."

"Rama," akasema, "yale ya chini ni yangu, sikatai. Hili je?" Akanionyesha jiwe jeupe. "Mama mmoja kaja nalo kwa basi toka Igunga, kalifunga kwenye khanga. Mwanawe kaenda kutafuta kazi. Kila mwaka anakuja kuliangalia kama lipo. Leo ungemwambia nini, pancha?"

Nilitazama ndani ya ile toroli, nikaona kila jiwe lina rangi yake. Kumbe karibu yote hayakuwa ya shamba lile. Miaka yote nawaleta watu, nawapanga, nawaambia geuza bega, inua kidevu, sikuwahi kutazama walichokuwa wameshika.

Rundo lilisimama tena saa kumi na mbili kasoro. Zuhura akaweka la mwisho, mkono wa kulia, hakugeuka nyuma, akatembea na mumewe hadi mkuyuni. Kesho yake basi la asubuhi lingempeleka pwani. Watu walipokuwa wanamtazama yeye, nikaokota jiwe langu. Nikalifuta kwa kanzu. Sitawaambia nimeliweka wapi, lipo.

Picha iliyobaki ya siku ile aliipiga Bi Mwanahawa kwa simu, na kidole gumba chake kimo pembeni. Zuhura ana jiwe kichwani, anacheka. Mimi niko nyuma, mdomo wazi, nabishana na mtu. Juu yetu sote, choo cha bati kinang'aa. Mama Kabula ameitundika kibandani kwake, na wageni wakiuliza huyo mzee ni nani anasema ni mpagazi. Nimepeleka watu mahali pazuri kwa miaka ishirini na sita, na nawaambieni wazi, sijawahi kuona picha nzuri kama ile.

Jioni ile, baada ya mbuzi, unga, sukari na mafuta, baada ya watani kunikamua miguu yote miwili, baada ya kuwalipa vibarua kwa kupeleka na tena kwa kurudisha, Masanja alinijia na kitabu cha stakabadhi: kiingilio, watu arobaini na watatu, nami nikiwemo. Nikalipa. Sikubisha hata neno. Nikaenda kukaa kando ya Mama Kabula, nikachota karanga kwenye sinia lake, tukatafuna tunatazama njia. Nilipoinuka akanyoosha kiganja.

Jumla ilinigharimu shilingi laki tatu, elfu thelathini na moja na mia tano. Mia tano ni ya karanga.